Endelea Hivyo Hivyo

Mtaani kwetu ukiuliza nyumba ya yule mzee wa mashine ya kusaga, huenda watu wakakutazama tu. Uliza kwa Mzee Kidevu. Hata mtoto anayejifunza kutembea atakupeleka. Jina hilo alipewa na wajukuu zetu, wakalipeleka kwa wenzao shuleni, na sasa hata muuza mkaa anamwita hivyo mbele ya macho yake. Sababu ni kwamba mume wangu hawezi kuvumilia mtu ameinamia simu huku anaongea naye. Atakuja mpaka ulipo, akuwekee kidole chini ya kidevu, akisukume juu taratibu, kisha aseme, "Kidevu juu. Mimi siko huko chini." Awe mtoto wake, awe mgeni. Siku moja alimfanyia mwenyekiti wa mtaa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Wazee wenzake walimpenda kwa hilo. Wakikaa nje kwa kinyozi kulalamika kwamba vijana wamelogwa na simu, kwamba siku hizi mtoto anamtumia mama yake ujumbe kutoka chumba cha pili kuuliza kama chakula kimeiva, yeye anatikisa kichwa, anaguna, anasema, "Kabisa." Basi wakamwona mtu mwenye busara zake. Na mimi napita na kapu langu nacheka peke yangu, kwa sababu nusu ya waliyoyasema hakuyasikia.

Ndiyo, hakuyasikia. Mume wangu hasikii. Simsemi kama wanawake tunavyowasema waume zetu, eti nikimwomba kitu hanisikii. Huyu masikio yake yamekufa kweli, na niliyejua ni mimi peke yangu.

Mashine ndiyo iliyoyala. Aliingia kazini pale akiwa kijana mwembamba, vumbi la unga mpaka kwenye kope, na hajatoka hadi leo. Mle ndani injini ikiwaka huwezi kusikia hata unachofikiri. Ndiyo maana wanaofanya kazi mle wanasomana midomo. Hata mimi alinitongoza bila sauti. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni na mzigo wangu, nikamwona ananitazama, midomo inacheza: "Kesho utakuja?" Nikamjibu na mimi kwa midomo, "Nije kufanya nini, unga si ninao?" Alicheka mpaka akapaliwa na vumbi. Kesho yake nikaenda na kibakuli cha mahindi ambacho hata mtoto angejua ni kisingizio.

Tuligundua Kitinda akiwa mchanga. Kitinda ni binti yetu, kitindamimba, ndiyo maana tunamwita hivyo. Nilikuwa nje naanua nguo, nikasikia mtoto analia kama anachinjwa. Narudi mbio, namkuta baba yake amekaa kitako anakula, mtoto yuko kitandani nyuma ya mgongo wake, machozi yamejaa mpaka masikioni. Nilinyanyua mwiko nimpige. Haki ya Mungu, niliunyanyua. Akageuka kwa sababu aliona kivuli changu ukutani. Akaniona mimi, akamwona mtoto, na uso alioufanya siku ile ndio ulioushusha mwiko. Sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kumwacha: ya mtoto, ya ndege, na yangu nikikasirika. Hizo nyingine zikafuata mojamoja, miaka ikienda.

Akaniapisha nisimwambie mtu. Si watoto, si ndugu, si tajiri wake kazini. Nikamuuliza aibu iko wapi, akanieleza habari za baba yake mzazi, ambaye uzeeni masikio yaliziba. Watu walimpigia kelele sikioni kama wanaita ng'ombe, kisha wakachoka, wakamwekea kiti pembeni, wakawa wanampa sahani yake na kumpita. "Mimi kwenye kiti kile sikai," akasema. Nikaapa. Na mimi nikiapa nimeapa, hata unichome moto.

Basi ile kidevu juu, na makelele yote dhidi ya simu, chanzo chake ndicho hicho. Ukimtazama usoni, mzee anakusoma kama gazeti. Ukiinama, umezimika. Alikuwa na vita na kila kinachoziba mdomo: kuongea huku unatafuna, kushika shavu, masharubu. Kitinda alipochumbiwa, mchumba alikuja na masharubu kama brashi ya viatu. Mzee akamkodolea macho maongezi yote, mwishowe akasema, "Kijana, nenda, urudi ukiwa na mdomo." Mtaa mzima ulicheka. Yule kijana akanyoa, akarudi, akapewa mke. Baada ya harusi akayafuga tena, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka, lakini werevu huo ningeutoa wapi?

Zamani maisha yalikwenda. Halafu zikaja hizi simu za kupangusa. Mimi sizichukii, tuelewane. Mimi ni fundi cherehani. Wateja wananitumia picha za mishono wakiwa kwao, nabishana nao kwa kidole huku nimekaa. Simu naipenda. Lakini niliona zilivyokuwa zinamfanya mume wangu. Jumapili anakuja mwanetu mkubwa na mkewe na wajukuu, tunakaa mezani, mara hakuna uso hata mmoja. Ni utosi mtupu. Mzee anauliza, "Kazini vipi?" Mkubwa anajibu ameinama, "Salama tu baba, wanataka kutuhamisha." Mzee anaona nywele tu. Anatabasamu, anasema, "Vizuri sana." Mjukuu anacheka kitu alichotumiwa, mzee naye anacheka, hajui anacheka nini. Baadaye anachukua kiti chake anatoka nje, na mkubwa ananiambia, "Mama, baba anazionea wivu simu." Nilitamani kumzaba kibao, mtu mzima na ndevu zake. Lakini nilikuwa nimeapa.

Sasa Kitinda. Aliolewa mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi, na mzee alimkosa mtoto yule kama mtu anavyokosa hewa. Wengine wote wakiinama, Kitinda alikuwa anaongea na baba yake uso kwa uso, mdomo wazi, mikono inaruka, akikueleza alivyonunua vitunguu lazima utafute pa kukaa. Alipoondoka, mzee hakubaki na mtu wa kumsoma ila mimi, na mimi ananijua mpaka kurasa za nyuma.

Kila Jumamosi Kitinda anapiga simu, na sisi tulikuwa na mtindo wetu. Simu ni yangu. Mzee hana, hataki. Naweka spika, nakaa mbele yake magoti yanagusana. Kitinda anasema, mimi namrudia mzee kwa midomo bila kutoa sauti, mzee anajibu. Yaani mtandao nilikuwa mimi. Kitinda hakushuku hata siku moja. Alichojua ni kwamba baba yake anafikiri kidogo kabla ya kujibu, akawa anamsifia kwa mashoga zake kwamba baba yake si mtu wa kukurupuka. Na nikishikwa na kikohozi katikati, mzee alikuwa na maneno yake ya akiba, anayaweka popote: "Vizuri sana mwanangu. Endelea hivyo hivyo. Msalimie mumeo."

Siku ile haikuwa Jumamosi. Nilikwenda dukani kununua uzi na zipu, simu nimeiacha kwenye chaji juu ya cherehani. Mzee alikuwa nyumbani kwa sababu mkanda wa mashine umekatika. Akaona mwanga, akaona picha ya Kitinda inawaka. Mtu mwenye akili zake si angeiacha? Lakini alikuwa amemkumbuka mtoto wake, na aliona salamu ni zile zile. Akagusa palipo kijani, akaweka sikioni kama watu wengine, akasema yote aliyonayo kwa mpangilio, akiacha nafasi katikati kama ilivyo adabu. Niliporudi nilimkuta kifua mbele.

"Kitinda kapiga," akaniambia. "Hajambo kabisa. Tumeongea vizuri."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Unadhani mimi bila wewe siwezi?"

Nikacheka, nikampiga kofi la bega, nikamwambia amekuwa shujaa. Nilikuwa na furaha naye, jamani, siwezi kudanganya.

Jumamosi ikafika, Kitinda hakupiga. Nikampigia mimi, hakupokea. Nikaandika, "Mbona kimya?" Akajibu, "Nipo." Neno moja, kutoka kwa mtoto yule wa vitunguu! Mzee kila akirudi kazini anauliza, "Kitinda vipi?" Namwambia, "Yupo." Ananitazama mdomo kama vile mengine yamebaki humo. Jumamosi ya pili alikaa mbele ya simu tangu mchana, amenawa uso na kuvaa shati safi, na simu haikuwaka.

Ujumbe ulinikuta nashona kola. Nilipoona ni mrefu nilifurahi, nikasema mwanangu karudi. Ulisema hivi:

"Mama, sina kinyongo, ila nataka kujua kosa langu. Nilimwambia baba kwamba mume wangu amenitoa nje na mabegi yangu, ameleta mwanamke mwingine ndani. Nilikuwa nalia. Nikamwomba nirudi nyumbani. Akaniambia vizuri sana mwanangu, endelea hivyo hivyo, msalimie mumeo. Na wewe mama ulikuwa hapo, najua simu huwa kwenye spika, na hukusema hata neno. Nimejihifadhi kwa rafiki yangu. Sitawasumbua tena."

Mguu wangu uliendelea kukanyaga cherehani wenyewe. Nilishona kola ya watu ikashikana na mfuko. Kidole kilikwenda moja kwa moja kwenye jina lake nimpigie, nikakirudisha. Nikipiga mimi nitasema nini? Nikisema nilikuwa dukani, atauliza, je, na baba? Nikimtetea bila kusema ukweli, ataona tunashirikiana kumfukuza. Na ukweli wenyewe niliapa kutousema. Nikasema hapana, leo atasema mwenye masikio yake.

Mzee alikuwa uani anashona ule mkanda wa mashine, umekatika tena. Sasa, ana tabia moja mbaya ambayo sijaisema: mkigombana anafunga macho. Akishayafunga umekwisha, ongea na ukuta. Miaka yote ya ndoa hiyo ndiyo silaha yake, mjinga yule. Aliponiona ninavyokuja, kope zikaanza kushuka.

"Thubutu!" nikamwambia. "Leo ukiyafunga, yafunge moja kwa moja."

Nikamwekea simu mkononi asome mwenyewe. Alisoma polepole, midomo inatembea. Akafika mwisho, akarudi mwanzo. Sindano ya mkanda ikamdondoka, hakuiokota.

"Mimi nilisema hivi?"

"Ulisema."

"Alikuwa analia?"

"Si kaandika mwenyewe? Alikuwa analia."

"Mimi nilikuwa natabasamu," akasema. "Nilikaa pale kwenye kiti chako cha cherehani, natabasamu."

Nilitaka kumkumbatia, lakini hasira zilikuwa zimewahi. Akaniambia, "Mwandikie mtandao ulikuwa mbaya." Weee! Nilipandwa na mori.

"Mtandao? Mtandao ni mimi! Na mimi sijaharibika! Wewe hutaki kukaa kwenye kiti cha baba yako, haya, sawa, nimekulindia miaka yote. Sasa mwanao ndiye aliyewekwa pembeni, kwa watu, na mabegi yake, na anajua aliyemweka huko ni baba yake. Utafanya nini?"

Alinisoma neno kwa neno, hakufumba hata kope. Kisha akafuta mikono kwenye suruali, akafuta tena, grisi haitoki.

"Nionyeshe pa kuandikia," akasema.

Nikamwonyesha. Kidole chake ni cha mtu wa magunia. Akibonyeza herufi moja zinaitika tatu. Akaanza: "Kwa binti yangu mpendwa, ni matumaini yangu u buheri wa afya..." Nikamwambia futa, huombi kazi. Akafuta. Jasho lilimtoka kuliko siku ya kushusha lori. Nikamwambia lete nikuandikie, akageuza bega, akanizibia kama mtoto anayeficha majibu. Aliandika, akafuta, akaandika. Aliponipa nione, alikuwa ameshatuma.

"Kitinda, ni baba. Naandika mwenyewe. Mimi sisikii. Siku ile sikusikia neno lako hata moja, nilikisia tu. Mama yako alikuwa dukani, hakujua. Sauti yako sijaisikia vizuri tangu ulipokuwa mchanga, naijua kwa kukutazama mdomo. Nilificha kwa sababu ya aibu. Nisamehe mama yangu. Niandikie tena uliloniuliza."

Hapo ndipo nilipolia. Nilijua hasikii, nilijua zamani, lakini hilo la sauti ya mtoto wake hakuwahi kulitamka, hata kwangu.

Tukakaa kwenye kibao cha uani, wazee wawili, vichwa vimegusana juu ya kioo kidogo. Wajukuu wangetukuta hapo wangetupandisha videvu bila huruma. Ikaonyesha Kitinda anaandika. Ikaacha. Ikaonyesha tena, ikaacha.

"Kwa nini anaacha?" mzee akauliza.

"Labda analia."

"Mwambie asiache."

Kwanza likaja jibu fupi: "Baba. Kumbe ndiyo maana ya yale masharubu?"

Mzee alicheka. Cheko lilitoka likakatika katikati, akajipangusa uso kwa mkono mzima, akabaki na alama ya grisi kwenye shavu. Ikaonyesha anaandika. Safari hii haikuacha.

"Nilikuuliza kama naweza kurudi nyumbani."

Akasoma. Akaniwekea simu mapajani. Akainuka, akaingia ndani, nikamsikia anavuta viatu chini ya kitanda. Akatoka amevaa shati lile la Jumamosi, vifungo havijakaa sawa, anaelekea mlango wa nje. Nikamwita, nikakumbuka amenipa mgongo, nikamkimbilia na magoti yangu mabovu mpaka nikamtangulia mbele.

"Unakwenda wapi?"

"Stendi."

"Kufanya nini?"

"Kumpokea."

"Baba watoto, mtu yuko mwendo wa siku nzima! Hata hajapanda gari! Hebu mjibu kwanza, anasubiri!"

"Mjibu wewe," akasema. "Mimi na simu tulishaharibiana."

Akanipita. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka, na yeye mgongo ule, anakwenda zake, anakwenda kwa hatua za kijana, mpaka akakata kona.

Nikarudi kwenye kibao nikaandika: "Baba yako ametoka sasa hivi kuja kukupokea stendi."

Kitinda akajibu hapo hapo: "Mama, mbona hata tiketi sijakata?"

Nikamwandikia, "Basi kakate, mwanangu, maana hatarudi bila wewe, na mimi nikimwita hasikii."